Watu wa Risasi

Kaka yangu alirudi kutoka Maskati na mchezo wa vita unaochezwa mezani: dadu na karatasi ya masharti, basi. Wanajeshi wenyewe hakuwa nao. Tukawafanya nyumbani kisiwani, Wawi, kila mtu kwa njia yake.

Yeye aliwamimina kwa risasi. Alikuwa akinunua kwa wavuvi wa Tumbe vile vizito vya nyavu zilizochakaa, akaviyeyusha uani kwenye kopo la maziwa juu ya jiko la mkaa, kisha akamimina kwenye kalibu ya udongo. Mimi nilikuwa kibarua kwa fundi wa boti za faiba, nikirudi na mabaki ya rezini, ile gundi yao ya majimaji. Niliichanganya na dawa yake ya kugandisha, nikaomba isitoke na mapovu.

Tulibishana sana, na mimi nikishika jambo siliachi. Wangu walitoka na vidole na vifungo vya shati. Wake walikuwa na nyuso kama viazi. Lakini wa kwake akianguka sakafuni, mkuki ulipinda tu, akaunyoosha kwa dole gumba. Wa kwangu alivunjika, ndiyo basi tena. Na upepo wa barazani uliwalaza wangu wote kabla vita havijaanza.

"Mtu lazima awe na uzito," kaka alikuwa akisema. "Hao wako makapi."

Mama alituona wapumbavu sote wawili, watu wazima na ndevu zetu.

Ukaja uchaguzi wa vyama vingi. Watu walisusiana hata mazikoni, na askari wakaletwa kutoka nje ya kisiwa. Asubuhi moja baadhi yao walikuja kumuulizia kaka, kwa kuwa alionekana kwenye mikutano ya upinzani. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuona cha kuficha.

"Yuko uani huko, babaangu," aliwaambia. "Ayeyusha risasi."

Risasi ya wavu na risasi ya bunduki, neno ni hilo hilo. Mama alikuwa na ya wavu kichwani. Askari walimpita mbio, wakamkuta kaka amechuchumaa mbele ya moto, upawa mkononi. Niliwaeleza, nikawaonyesha kalibu na vizito vilivyobaki. Hawakuwa watu wa kuelezwa. Walilizoa jeshi lake lote wakalitia kwenye mfuko wa unga, wakamchukua na yeye. Mmoja wao alimshika mwanajeshi wangu rafuni, akamgeuza geuza, akasema, "Hii plastiki tu," akamrudisha.

Kaka alikaa ndani mpaka masika yakapita. Alirudi amekonda, akishtuka kila mlango ukigongwa. Mama aliacha kabisa kulitaja neno lile. Akilazimika, alisema "vile vizito". Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo ndilo lililomla zaidi. Angelaumiwa, angejitetea.

Jioni moja nilitoa meza, nikawapanga watu wangu wa rezini pande zote mbili, nusu nimewapaka kijani. Kaka alimchukua mmoja, akampima kiganjani. Nilingoja anikejeli. Nilitamani sana anikejeli. Mama naye alikuwa amesimama mlangoni, anangoja.

"Hawa ndio wazuri," kaka alisema. "Wepesi."

Mama aligeuka akarudi jikoni, na tukamsikia analia.