Mama Alivyonichagulia Beki

Siku niliyomwambia mama kwamba klabu yangu ya zamani imenipa kazi ya uskauti, yaani kuwatafutia wachezaji, alichukua simu akamweleza jirani yetu wa hapa Hail, mtaa wetu wa Maskati, kwamba mwanawe, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, amejiunga na wale watoto wa kufunga mafundo ya kamba na kuvaa tai shingoni. "Goti lishamharibikia," nilimsikia akisema, "sasa naona na akili inalifuata." Nikamuacha. Zamani nilipomwambia nimenunua skeiti, viatu vya kutelezea barafuni, alielewa nimenunua sketi, na siku ile nilijieleza mpaka sauti ikakauka. Tangu hapo nilijua kwamba kwa mama kazi yangu haielezeki.

Nilikuwa beki wa hoki ya barafu. Ndiyo, barafu, na ndiyo, Maskati. Watu huniuliza mtu wa huku amejuaje kuteleza, kama kwamba barafu ina ubalozi na mimi sikupata viza. Jibu ni jepesi: mwezi wa Julai, ndani ya kiwanja cha barafu ndipo pahala pekee mtu anapoweza kukimbia bila ya kuzirai. Niliingia nikiwa mwanafunzi, kwa ajili ya ubaridi. Nikapewa fimbo. Kisha mtu akanigonga nikaanguka, nikainuka nikamgonga yeye, na kocha akapiga kelele kwa furaha: "Huyu beki!"

Nilicheza nyumbani, kisha klabu ya nchi jirani ya Ghuba ikanichukua kwa kulipwa, misimu saba. Nisiwadanganye, sikuwa nyota. Washambuliaji walikuwa watu wa kutoka nchi za theluji, wanateleza kama siagi kwenye chuma cha moto. Mimi kazi yangu ilikuwa kuharibu furaha za watu. Mtu anakuja mbio na kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, anakiona mwenyewe kishaingia wavuni, na mimi nasimama mbele yake. Ndiyo kazi yote. Katika misimu saba nilifunga mabao matatu, na moja katika hayo lilinigonga mgongoni nikiwa naangalia upande mwengine.

Goti langu halikuvunjwa na adui. Lilivunjwa na kipa wetu, mazoezini, alipotoka golini kwa fujo kufuata kisahani ambacho mimi tayari ninacho. Kipa alilia. Mimi nililala juu ya barafu nikitazama taa za dari na kufikiri kwamba walau huko nyumbani mama hatoiona aibu hii, kwa sababu hajawahi kuja hata mechi moja. Alikuwa akisema baridi ile ni ya maiti.

Nikarudi Maskati na chuma ndani ya goti. Mwaka mmoja baadaye mkurugenzi wa klabu, bwana mwenye sauti ya kukwaruza, akanipigia simu. Anataka beki wa huku kwetu Ghuba, kijana, mwenye kasi. "Wewe unawajua wote," aliniambia. "Nenda katazame, niandikie ripoti. Usiniletee rafiki zako."

Rafiki hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mtoto wa dada yangu.

Dada yangu mkubwa anakaa Al Amerat, nyuma ya milima, na mwanawe wa pekee alikuwa na miaka ishirini na moja, anasoma chuo na anacheza hoki kila Ijumaa asubuhi. Beki kama mimi, ila mzuri wa sura, ana kasi ya upepo, na nywele zake akizitoa kwenye kofia ya chuma zinakaa sawasawa, jambo ambalo mimi sikulielewa hata siku moja. Habari ya simu ile ilifika Al Amerat kabla mimi sijamaliza kikombe cha chai. Dada akampigia mama. Mama akaja chumbani kwangu bila ya kubisha hodi.

"Mjukuu wangu umtie kwenye hiyo klabu."

"Mama, sitii mtu. Natazama, naandika."

"Basi tazama, umuandike."

"Na akiwa hafai?"

"Hafai vipi? Damu yako hiyo!" Akafikiri kidogo. "Na ya baba yake pia. Haya, mie mwenyewe nnakuja Ijumaa, nisije nikadanganywa."

Nilidhani anatisha tu. Ijumaa asubuhi nilimkuta yuko tayari ndani ya gari. Amevaa baibui, juu yake sweta mbili, juu ya sweta shali ya marehemu baba, ile ya kupigia kilemba siku za Idi. Mapajani ana blanketi, na miguuni birika la kahawa na kopo la halua. Mtu angemuona angedhani anahamia Urusi.

Kiwanjani tulikaa benchi ya juu. Nilimueleza kwa ufupi: watano huku, watano kule, kila upande na kipa wake, kisahani kiingie wavuni. "Na yule mwenye mistari kama punda milia?" Refa, nikamwambia. "Maskini," akasema, "kaachwa peke yake."

Mechi ikaanza. Kwa dakika kumi za mwanzo mama alimpigia vigelegele mjukuu wake kila alipopita, hata alipokuwa anakwenda kunywa maji. Na kweli kijana alikuwa anapendeza. Anazunguka, anarudi nyumanyuma, barafu inaruka miguuni mwake. Nikaanza kuandika: kasi nzuri sana, mgeuko mzuri. Moyoni nikasema, alhamdulillah, nimeokoka, nitakula chakula cha mchana kwa amani.

Kisha mshambuliaji mmoja mpana akaja upande wake mbio, ameinamisha bega. Mpwa wangu alikuwa mbele yake, kasimama pale hasa anapotakiwa kusimama. Nusu ya hatua kabla hawajakutana akajigeuza ubavu, akampisha kwa adabu kama anayempisha bibi mlangoni. Bao.

"Kateleza," mama akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu mama aliweka kikombe chini.

"Mbona anawakwepa kama mwanafunzi aliyemuona mwalimu wake sokoni?"

Nilikuwa naandika, na nilikuwa naficha karatasi kwa mkono.

Halafu mama akanyoosha kidole kutoka ndani ya blanketi. "Yule nani?"

Alikuwa anaelekeza upande wa timu ya pili. Beki mnene, ndevu nene, jezi imembana tumboni. Nilikuwa sijamuangalia hata kidogo. Hakimbii. Kila nilipomuona alikuwa amesimama tu.

"Mama, yule hana kasi."

"Kasi ya nini? Hebu mtazame. Kila wanapofika, washamkuta. Ushakwenda harusini ukamuona yule mtu asiyekimbilia sinia, lakini likitua tu, liko mbele yake? Ndiye yule."

Nikamtazama. Kipindi chote kilichobaki sikumtazama mwengine. Mama alisema kweli, na mimi uso ulinipata moto kwenye baridi ile. Mwenye kisahani akija kushoto, mnene keshasonga hatua mbili kushoto. Fimbo yake iko chini daima, haipungipungi hewani. Mtu akimgonga, anayeanguka ni mgongaji. Mechi nzima upande wake haukupita mtu.

"Na wewe ulikuwa ukicheza kama yule?" mama akaniuliza.

"Hapana, Mama. Sikufika pale."

"Basi," akasema, akijimiminia kahawa, "sikukosa kitu."

Baada ya mechi nilishuka kumtafuta. Kumbe ni fundi wa mashine za baridi katika kiwanda cha barafu cha Qurayyat, kile kinachowauzia wavuvi. Miaka minane nyuma aliitwa kuja kutengeneza mtambo wa kiwanja hiki. Alipomaliza, wakamwambia ajaribu kuteleza apime kazi yake mwenyewe. Hakuacha tena. Kila Ijumaa huendesha gari kutoka Qurayyat baada ya alfajiri, anacheza, anarudi. Ana miaka ishirini na minane na hakuna mtu aliyewahi kumuandika popote.

"Utapenda kucheza kwa kulipwa?" nikamuuliza.

Alinitazama akidhani namfanyia mzaha. "Mimi? Na tumbo hili?"

Niliandika ripoti mbili siku ile. Ya mpwa wangu niliiandika mara nne. Mara ya kwanza niliandika kwamba "anahitaji ujasiri zaidi," nikaifuta, kwa sababu maneno hayo ni ya mwalimu anayeogopa wazazi. Mwisho niliandika: ana kasi kuliko wote niliowaona Maskati, na anaogopa kugongwa, kwa hivyo asichukuliwe kuwa beki. Niliituma, kisha nikakaa nikiitazama simu kama mtu aliyewasha fataki ndani ya nyumba.

Mkurugenzi alinipigia siku ya pili. "Nilikuomba kijana mwenye kasi," alisema kwa Kiarabu, "umeniletea fundi wa mafriji. Au umeniletea friji lenyewe?"

"Mjaribu wiki moja. Asipofaa, nifukuze na mimi."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilikuwa na wiki moja tu kazini.

Dada, aliyekwisha kupata habari za ripoti, alikuja Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tukiwa tumekaa kwenye biriani. Hakuketi. Kijana alikuwa nyuma yake, anatazama zulia.

"Wajomba wa wenzetu wanawainua watoto," alisema. "Wewe wa kwako umemuandikia kwamba ni muoga. Kwa maandishi!"

"Dada, kaa ule."

"Sili! Ungesema tu anaumwa. Ungesema ana mtihani. Mtu wa Qurayyat unamjua toka lini wewe?"

Mama akameza tonge lake. "Huyo wa Qurayyat nimemchagua mie."

"Mama!"

"Nimemchagua mie, na nnasema tena. Mwanao mzuri, ana adabu, na hapo pa kusimama hasimami. Sasa unataka avunjwe mbavu upate kufurahi? Kaa chini, biriani linapoa."

Dada alitoka, akafunga mlango kwa kishindo, akasahau kwamba funguo za gari anazo mwanawe. Ikabidi amngoje juani. Kijana alibaki amesimama mbele yangu.

"Mjomba, kweli naogopa?"

"Kweli."

"Na wewe ulikuwa huogopi?"

"Mimi? Nilikuwa naogopa kila mechi. Ila sikuwa na kasi ya kukimbilia popote, ikabidi nisimame."

Alicheka kidogo, bila ya kutaka. Kisha macho yakamjaa maji, akageuka akatoka. Miezi mitatu hakunisemesha. Nilijua niliandika kweli, na kila Ijumaa nikiiona sahani yake haipo mezani, ile kweli ilikuwa hainisaidii kitu. Nilipoteza usingizi kwa ajili ya sentensi moja. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba beki anaumia mwenyewe, lakini skauti anaumiza watu.

Fundi alikwenda kujaribiwa. Siku ya nne mkurugenzi akanitumia ujumbe wenye neno moja, "Mwengine?", na nikaelewa kwamba anataka nimtafutie wa pili kama yeye. Walimpa mkataba wa msimu mmoja, kisha wakauongeza. Mashabiki wakampa jina la Ukuta. Aliniambia kwa simu kwamba kinachomtia uchungu huko si kupigwa, ni mashine yao ya barafu, ambayo inanguruma vibaya na hawamruhusu aiguse.

Mpwa wangu alirudi kwetu siku moja bila ya taarifa, akala sahani mbili, na kwenye chai akasema ameacha kucheza beki. Kocha amemuweka mshambuliaji wa pembeni, pale ambapo kukimbia ndiyo kazi yenyewe. Anafunga mabao sasa, mengi, na bado anawapisha watu wapana. Sikumuandika popote, na yeye hajaniomba. Dada anapika vizuri kama zamani, ila nikienda kwake Al Amerat nyama yangu huwa ni mifupa. Nakula, nasema ahsante, na mama ananitazama kutoka upande wa pili wa sinia akijizuia asicheke.