Nilichokijua Kutoka Kwenye Fomu

Mwaka ule nilipata kazi ya muda ya kukusanya taarifa za mapato na matumizi ya kaya katika vijiji vya Chamwino. Nilikuwa nimepanga chumba Kizota, mjini. Kila baada ya wiki mbili nilipanda bodaboda, kishikwambi kwenye mkoba, kwenda kuwauliza watu walewale maswali yaleyale: umeingiza nini, umetoa nini, kuna siku mmelala bila kula?

Nyumba niliyoizoea kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja mkulima wa uwele na karanga, aliyeishi na mumewe tu. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanifundisha kusema "mbukwa", salamu ya kwao, akacheka matamshi yangu. Nikamuuliza kama ana akaunti.

"Ninayo, mwanangu, ya kwenye simu. Na kwenye kikundi chetu cha akiba tunaweka hisa kila Jumatano."

Nikabonyeza ndiyo mara mbili. Kwa fomu yetu, huyo alikuwa ameshafikiwa na huduma za fedha.

Alikuwa na presha. Tangu mavuno hadi Krismasi, sehemu ya dawa kwenye fomu yake haikukosa kitu. Desemba kikundi kikavunja hisa, kila mmoja akapewa akiba yake, naye akanunua mabati machache na nguo za wajukuu. Januari akaniambia, "Hapo kwenye dawa andika sifuri."

"Zilizobaki zinatosha, mama?"

"Nakunywa leo, kesho naacha. Chakula kwanza. Tukivuna nitakunywa zote."

Nikaandika sifuri. Februari, sifuri tena. Nikafungua majibu ya mwaka uliotangulia, yaliyokusanywa na mwenzangu, nikakuta miezi ileile haina dawa, na si kwake peke yake. Nikampelekea msimamizi wetu ofisini mjini. Akatazama kwa makini, akasema litaingia kwenye ripoti.

"Ila usiwashauri unaowahoji," akaniambia. "Ukiwashauri unaharibu data."

Nilitii. Nilirudi kwa yule mama mara mbili zaidi, nikakaa kwenye kigoda chake, nikala karanga zake, nikauliza maswali yangu na kuondoka.

Machi nilikuta watu wamejaa uani kwake. Kiharusi kilimwangusha shambani akipalilia. Walimkimbiza hospitali, akakaa siku nne, akafariki. Walikuwa wameshamzika.

Nilimpa pole mumewe. Alinishika mkono muda mrefu.

"Binti, yale maswali uliyokuwa ukimwuliza yalikuwa ya nini?"

"Ya kujua watu wanakwama wapi, baba."

"Mkajua?"

"Tulijua."

Akaitikia kwa kichwa, akauachia mkono wangu. Angenigombeza ningepumua. Badala yake akageuka kuwapokea wageni wengine.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kwenye kikundi cha akina mama bila kishikwambi. Nikawaeleza, bila kutaja nyumba ya mtu, kwamba miezi ya kulima wengi wanaacha dawa, na kwamba wakati huo pesa za Desemba zimeshakwisha. Nikaomba sehemu ya pesa hizo ibaki hadi Februari, kwa ajili ya matibabu. Walibishana sana. Mmoja alisema Krismasi bila nguo mpya watoto hawataielewa. Mwishowe wakakubali kutenga kidogo.

Tulipokuwa tunaagana, mama mmoja aliyekuwa jirani wa marehemu akanisogelea. Alikuwa analia.

"Haya ungekuja kuyasema Januari," akasema.

Nilisimama pale, mkoba begani, mpaka akajifuta machozi kwa kanga na kwenda zake.

Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa, nami sikuuliza sababu. Nasikia ule mfuko wa matibabu bado upo. Sijawahi kurudi kwenye ile nyumba.