Hurtig wa Kijumba Namba Sitini na Moja

Majvor Hurtig alipika katika shule ya Källhult miaka thelathini na minne. Watoto waliokula viazi vyake walikua, wakaoa, wakaota vitambi, lakini hakuna aliyeacha kumtania jina. Hurtig, kwa lugha ya kwao, maana yake mwepesi. Ni jina zuri, jina la askari; shida ni kwamba kijiji kizima kilijua wepesi wenyewe ulikuwa wa nini. Hurtig wa kijumba cha askari namba sitini na moja aliitoroka vita ya Ufini mwaka 1808, bunduki akaiacha kwenye theluji. Miaka mia mbili baadaye, Majvor akiharakisha kuwahi basi, hakosekani wa kusema, "Damu hiyo! Inajua kukimbia."

Yeye alicheka. Baba yake, mzee Evald, hakuwahi kucheka. Alikufa hajakanyaga hata mara moja sherehe ya mavuno ya chama cha historia ya kijiji, na hilo ndilo lililomkaa Majvor kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa Birger Stenmo, mwenyekiti wa chama hicho, akamnasa dukani.

"Majvor, Jumapili tunasimika kibao pale kwenye kijumba chenu."

"Kimeandikwaje?"

"'Hapa aliishi Hurtig, aliyetoroka vitani.' Wageni wanapenda wabaya siku hizi. Mashujaa wamejaa kila kona."

"Na sisi wajukuu zake tunaopita hapo kila siku?"

"Si mnapita mbio?" Birger akacheka mpaka kofia ikamwangukia puani. Kisha akaona uso wa Majvor. "Haya, niletee ushahidi nami nitabadili. Mwisho Jumamosi."

Alhamisi, Tuva, binti wa kaka yake, ambaye alifanya kazi maktaba, alikuja na kompyuta yake, wakaketi jikoni. Madaftari ya ukaguzi wa askari yalikuwa yamepigwa picha yote, ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Majvor hakutafuta shujaa. Alitafuta udhuru tu: homa, njaa, vidole vya miguu vilivyoganda, chochote cha kubandika kando ya neno "aliyetoroka".

"Soma, mwanangu."

"Mwaka 1807. Hurtig, namba sitini na moja. Umri thelathini na minne. Urefu futi tano na inchi kumi na moja."

"Mrefu! Kama baba."

"Mwaka 1808. Ametoroka. Halafu, shangazi, kimya. Hakuna homa, hakuna miguu."

"Endelea mbele."

"Mwaka 1812. Hurtig, namba sitini na moja. Umri..." Tuva akasogeza pua kwenye kioo. "Umri ishirini na sita. Shangazi, huko alikotorokea amerudi kijana!"

"Na urefu?"

"Futi tano na inchi tano."

"Basi na miguu wamempunguza."

Walicheka wote wawili, kisha Majvor akajipiga kofi kwenye paji la uso hadi paka akakimbia. Jina! Nani aliyezaliwa hapa asiyejua? Jeshini, jina lilikuwa la kijumba, si la mtu. Askari akifa, akizeeka au akitoroka, aliyemfuata alikabidhiwa kijumba, kishamba cha viazi na jina lilelile. Majvor alijua. Evald alijua. Birger huwahubiria jambo hilo wanafunzi kila mwaka. Na miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeuliza: Hurtig yupi?

Wakafungua daftari la kanisa. Johannes, mzizi wa ukoo wao, alizaliwa 1814, na baba yake aliandikwa Anders Persson Hurtig, aliyeingia kijumbani mwaka 1809. Huyo mfupi. Alikaa jeshini mpaka 1838, na siku ya kumstaafisha, karani aliandika: *Ametumika vyema. Anaombewa matunzo.*

"Soma tena hayo ya mwisho," alisema Majvor.

Tuva akasoma.

"Tena."

Tuva akasoma mara ya tatu. Majvor alikuwa ameshasimama, anatafuta koti, kana kwamba leo ni Jumamosi.

Siku ilipofika, alimkuta Birger bandani, rangi ya kibao haijakauka. Birger alizisoma karatasi amesimama, akazisoma tena ameketi juu ya debe.

"Mimi ndiye ninayefundisha habari hizi," alisema taratibu.

"Ndiyo. Unafundisha vizuri sana."

"Nimfute mtoro?"

"Usimfute. Alikuwepo, naye alikuwa na mama. Andika walikuwa wawili, na wa pili alitumika miaka ishirini na tisa."

"Nafasi haitoshi."

"Basi chonga ubao mkubwa, Birger. Msitu wote huu!"

Birger akachukua msumeno, akapima ubao mpya, lakini hakukata. "Majvor... sisi ni wa Modig, wa namba hamsini na nane. Yule wa nishani. Picha ya kijumba chake iko sebuleni kwetu."

Modig maana yake jasiri.

"Na hao Modig walikuwa wangapi?"

"Sijawahi kuuliza."

Utani wa miaka thelathini na minne ulimjaa Majvor mdomoni, tayari kabisa, umeiva. Akamtazama mwenzake anavyousugua ule msumeno kwa kidole gumba, akaumeza.

"Jumatatu njoo kwangu," alisema. "Tuva atakuwepo. Na uje na miwani, maana mwandiko wa watu wale ni balaa."