Laptopu Iliyoamka Kiarabu

Mimi unyenyekevu wa kujifanya siuwezi. Niliporudi Singida na cheti changu cha kompyuta nilijua kazi, na nilitaka kila mtu ajue kwamba naijua. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, mitumba ya kila aina inaingia mpaka kompyuta, lakini mjini kwetu fundi sikumwona. Ikiharibika inapelekwa Dodoma. Nilikitaka chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile kinachotazama barabara, nifungue kazi. Baba mkubwa, kaka yake baba na msemaji wa ukoo, naye alikitaka, aweke magunia ya alizeti.

Tukapatana hivi. Alikuwa na laptopu aliyoletewa na jamaa yetu kutoka Maskati. Ilikuwa imejaa virusi. Ukiiwasha, unasonga ugali na kuumaliza bado haijawaka. Yeye alikuwa anakwenda Ilongero kununua alizeti, atarudi alasiri. Akiikuta imepona, chumba changu. Akiikuta bado, magunia yanaingia jioni ileile.

Nilianza kwa kuhamishia picha za harusi ya binti yake kwenye CD, maana kuirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani ni kufuta kila kilichomo. Kisha nikaiwasha huku nimebana kitufe cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani, ikakubali. Muda mrefu mstari ulijaa polepole kwenye kioo, nami namwomba Mungu umeme usikatike. Haukukatika. Mwishoni likatokea swali lenye majibu mawili. Sikulisoma. Fundi aliyezoea hasomi, anabonyeza. Nikabonyeza, nikaenda kunywa chai kifua mbele.

Niliporudi, mashine nzima ilikuwa Kiarabu; kumbe swali lile lilikuwa la kuchagua lugha. Kiwanda kiliitengeneza kwa ajili ya watu wa Maskati, nami nilikuwa nimewarudishia. Maandishi yanaanzia kulia, kila kitu kimehamia upande usio wake, nilipofungua mipangilio nikakuta orodha ndefu nisiyoielewa hata mstari mmoja. Madrasa nilikuwa mtoro, na siku hiyo utoro ule ulinitokea puani. Kuanza upya kulihitaji saa nyingine mbili, na saa nane ilikuwa imeshapita. Niliogopa, nasema kweli. Machozi yalinilenga.

Bibi, mama yake baba mkubwa, alikuwa barazani anachagua mchele. Alinisikia nikisonya mara ya tatu, akaja na ungo wake mkononi, akainamia kioo.

"Mbona wameandika bila irabu?" akasema. "Wavivu hawa."

Nikamsogezea kiti. Kidole chake kikatambaa kutoka kulia, akasoma kwa sauti ileile ya kughani aliyofundishwa kwenye chuo cha Kurani huko Pangani utotoni. Maana ya maneno mengi hakuijua. Yeye anatamka, mimi nasikiliza kama kuna ninalolifahamu. Akasoma moja, si lenyewe. Akasoma la pili, nikasikia neno kama wakati, nikajua hiyo ni saa, nikamwambia ashuke. Mstari uliofuata akasema al-lugha. Nikamshika mkono asiuondoe hapo. Nikapabonyeza, likafunguka dirisha jingine, na humo akanionyesha Kiingereza bila hata kusita. Mashine ikajizima, ikawaka tena, ikanisalimia kwa maneno ninayoyajua.

Nilifurahi, halafu nikaona haya. Nyumba nzima tulikuwa tunasema bibi hajui kusoma. Walipopita waandikishaji wa elimu ya watu wazima, baba mkubwa ndiye aliyemjibia: hajasoma. Kwenye kila fomu ya serikali aliweka dole gumba. Na karatasi alizokuwa akimpelekea dada yake Pangani tulizidhani dua. Kumbe ni barua, za Kiswahili hikihiki, kwa herufi hizo, kila irabu mahali pake.

Baba mkubwa alifika amejaa vumbi la Ilongero. Akaiwasha, ikawaka mara moja. Akaziona picha za harusi nilizozirudisha kutoka kwenye CD, akacheka peke yake. Akasema kweli mimi ni fundi. Ningeweza kunyamaza, na kwa tabia yangu ningenyamaza. Nikamweleza aliyenisomea.

"Mama hajui kusoma," akasema.

"Hamkuniuliza," bibi akajibu, na akaendelea na mchele wake.

Baba mkubwa aliifunga laptopu. Kisha akavua kofia, akamsogelea mama yake na kumwamkia upya, ingawa walikwisha amkiana asubuhi. Bibi akamwitikia marahaba, akamwambia magunia ayapeleke uani.

Kesho yake nilikuwa mlangoni naandika kibao cha fundi kompyuta. Bibi akaomba brashi, akaongeza mstari chini kwa herufi zake, taratibu, bila kuchafua. Nilipomuuliza ameandika nini, akasema ni jina lake, maana mafundi tulikuwa wawili.