Mlima Upande wa Kulia

Baba yangu, Kingori, alifanya kazi kwenye ghala la mahindi Nanyuki miaka ishirini na sita, akichoma magunia kwa chuma kuona kama mkulima ameficha mawe katikati. Alistaafu, lakini kuchoma hakukuisha. Daktari, mchungaji, muuza maziwa, mimi bintiye Wendy, sote tumechomwa. Simu ndiyo haiamini kabisa. Jambo la maana halisemi huko, ati kuna watu wanasikiliza.

Kwa hivyo Mama, akiwa amelazwa Nairobi na uvimbe wa koo, hakutaka kumwambia lolote kwa simu. Upasuaji ungemwondolea sauti kabisa, daktari alishatueleza.

"Mwambie akuje," aliniambia kwa sauti kidogo iliyobaki. "Niko na neno yake."

Asubuhi moja tukaambiwa upasuaji umewahishwa, ni leo saa sita. Kwa barabara ni kilomita mia mbili hivi, na njia ina magari mengi. Angani ni kama mia na sitini. Nikamkatia tiketi ya ndege ndogo ya saa tatu.

"Ni dakika arobaini tu, Baba."

"Nani alipima?" akauliza.

Hapo nilikosea, na nakubali. Sikujua kwamba ndege ile hupitia kwanza kwenye kiwanja cha ranchi moja upande wa Meru kuchukua watalii. Yaliyofuata alitusimulia mwenyewe, na mpaka leo anajitetea.

Iliporuka, Baba alitazama dirishani akauona Mlima Kenya uko mkono wake wa kulia. Mtu wa kwetu haulizi njia, huangalia mlima. Ukitoka Nanyuki kwenda Nairobi, sharti mlima ukae kushoto. Akajua anaibwa.

Walipotua ranchini, akamfuata rubani. "Wewe unanipeleka wapi?"

"Nairobi, mzee. Tunabeba wageni wawili hapa, alafu tunageuka."

"Nairobi haiko huku. Mimi si mtoto."

Rubani alimbembeleza, akamwonyesha ramani. Baba akasema ramani ni karatasi tu, mtu yeyote anaweza kuichora. Akachukua mfuko wake akashuka. Wakamngoja dakika kumi, kisha wakaondoka. Saa nne na nusu ndege ilikuwa Nairobi, na kiti chake kitupu.

Nilimpigia hadi kidole kikachoka. Alikuwa amezima simu alipoagizwa ndani ya ndege, akaiacha hivyo asije akafuatwa. Mama aliutazama mlango mpaka wauguzi walipokisukuma kitanda chake kwenda chumba cha upasuaji. Nilikuwa na hasira hata sikuweza kumshika mkono vizuri, na hilo linaniuma.

Baba alifika saa kumi na moja jioni, vumbi la gari la ranchi likiwa bado kwenye kofia. Siku mbili baadaye Mama alipoweza kuketi, Baba alisogea kitandani akamnong'oneza, "Wangechi, ulitaka kuniambia nini?"

Mama alichukua daftari la muuguzi akaandika polepole, akachana ukurasa akampa. *Hakukuwa na siri. Nilitaka tu unisikie mara ya mwisho.*

Baba aliusoma mara tatu, machozi yakimtoka. Kisha akaugeuza, akaangalia upande wa pili.