Msalaba Katika Maji ya Buluu

Eduard Gedeon wa kijiji cha Rudnica, Slovakia, alikuwa amezoea kuulizwa, na tangu mgodi wa shaba ufungwe hakuna aliyemuuliza kitu. Hapo ndipo ubaya wake ulipoanzia. Nasema hivyo ili tuelewane, si kwamba namtetea.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtu wa maji. Mlima wa Rudnica, enzi ambazo hakuna wa kuzihesabu, ulikuwa sakafu ya bahari. Moto wa chini ukatema shaba na salfa katika tope jeusi, tope likawa jiwe, jiwe likakunjwa hadi likasimama wima. Wajerumani walikuja kulichimba wakati wafalme wakigombania taji, wajukuu wao wakageuka Waslovakia, na kila kizazi kikaacha mashimo yake. Mvua ikaingia humo, ikatafuna mawe, ikatokea chini ya mlima ikiwa ya buluu, imebeba shaba isiyoonekana. Kazi ya Eduard ilikuwa kutandaza vyuma chakavu kwenye mifereji ya mbao, kusubiri wiki kadhaa, kisha kukwangua tope jekundu. Tope hilo ndilo shaba yenyewe. Maji hula chuma na kuacha shaba mahali pake, na wahandisi wa mjini walikuwa wakimsikiliza akieleza hayo, kofia zao mkononi.

Mwaka wa 1990 pampu zikazimwa. Maji yakajaa mgodini hadi yakafurika na kuua samaki wote wa mto. Eduard akabaki na kiti chake kwenye baa ya Valent, ambako walimtania kwamba hata mkojo wake ni wa buluu.

Žofia Lukáčová alikuwa mjane wa mhunzi wa mgodi. Alitoka bonde la wafuga kondoo, na ingawa aliolewa Rudnica akiwa na miaka ishirini, mpaka anapata mvi walimwita mgeni. Binti yake pekee, Terezka, alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita. Baba yake alimfulia msalaba wa chuma wa kaburini na kulikunja jina lake herufi kwa herufi. Picha ya mtoto haikuwepo. Lilikuwepo jina lile tu, na sasa kutu ilikuwa imeanza kulila.

Rudnica wana desturi: maharusi hupewa kiatu cha farasi cha chuma kilichochovywa katika maji ya buluu kwa robo saa. Kinatoka chekundu, kinang'aa, ungedhani ni shaba tupu. Žofia alikuwa na chake mlangoni, na kutokana na kiatu hicho akapata wazo. Jumatatu ya Pasaka aliingia baa, mahali ambapo mwanamke haingii ila kumtoa mumewe, akasimama mbele ya Eduard.

"Jirani, kiatu cha farasi hukaa robo saa," alisema. "Msalaba wa binti yangu ni mnene. Nikitaka shaba iingie mpaka ndani, isishike kutu tena, niuweke majini muda gani?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: usithubutu, upake mafuta tu. Lakini Valent alikuwa ameacha kufuta glasi, na wanaume watatu karibu na jiko walikuwa wamemgeukia Eduard, wanamngoja yeye. Raha iliyoje.

"Kwa unene huo? Uuweke leo, uutoe mwisho wa Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote," alisema. "Na usiuguse katikati, utauharibu."

Alipotoka, baa nzima ilicheka mpaka machozi. Žofia aling'oa msalaba kaburini akaulaza katika mfereji wa zamani wa Eduard, na kesho yake alimletea mkate mtamu wa mbegu za popi kwa shukrani. Aliula wote, huyo Eduard.

Tangu hapo kila Jumapili walimuuliza ubatizo wa msalaba unaendeleaje, naye akawa na la kusema. Mwezi Mei alipita kwenye mfereji akaona chuma kilichobaki ndani ya ule wekundu ni chembamba kama sindano ya kufumia. Bado ungeokolewa. Alikunja mkono wa shati, akaingiza vidole majini, halafu akamwona shemeji wa Valent akija njiani. Akautoa mkono haraka, akajifanya anafunga kiatu. Mwezi Agosti Žofia alimwuliza kama msalaba unakomaa. Akamjibu kwamba unakomaa vizuri.

Mkesha wa Watakatifu Wote ulifika. Karibu watu wote walikuwa makaburini wakisugua mawe na kupanga mishumaa. Žofia alishuka mferejini na kitambaa cheupe alichokipiga pasi, akamwomba Eduard amsindikize kwa kuwa ndiye fundi. Wale wanaume wa baa walifuata nyuma kidogo.

Msalaba ulikuwa umelala majini mzima, mwekundu, mzuri kupita alivyouota. Jina lilisomeka. Žofia alifanya ishara ya msalaba, akapitisha mikono chini yake kama anayemtoa mtoto kwenye beseni, akainua.

Ukakatika kama mkate ulioloa. Mikono yake ikatoka na matope.

Mmoja wa wale wanaume alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akanyamaza. Žofia hakulia. Alipiga magoti akazoa lile tope konzi kwa konzi, akakimbilia lililokuwa likichukuliwa na maji, akaliweka lote kwenye kitambaa. Kisha akamtandazia Eduard kitambaa hicho miguuni. Usoni hakuwa na hasira yoyote, na mimi naona heri angekuwa nayo.

"Jirani, wewe unayajua maji haya," alisema. "Nionyeshe. Jina liko upande gani?"

Eduard alitazama tope. Wanaume walimtazama Eduard. Akanyoosha kidole, akaonyesha pembe moja ya kitambaa, yoyote ile.

Žofia alimshukuru, akaifunga fundo pembe hiyo tu, na tope lililokuwa juu yake.