Sauti Niliyoambiwa Niifiche

Mwezi uliopita nilikwenda Masimba kumzika mwalimu mwenzangu aliyekuwa amestaafu. Hema zilijaa, vipaza sauti vilipangwa hadi kwenye migomba, na kijana mmoja alikuwa akitupigia nyimbo za injili kwa kinanda cha umeme. Katikati ya shughuli aliombwa apige kitu cha kikwetu, kwa heshima ya wazee waliokuwepo. Akabonyeza kitufe. Basi, kitufe tu, na obokano ikaanza kulia. Watu wakashangilia. Mimi niliinuka nikapita kati ya viti, nikaenda kusimama kwenye mahindi, nikalia kilio ambacho waombolezaji walidhani ni cha kumlilia marehemu.

Labda wewe hujawahi kuisikia obokano yenyewe. Ni zeze kubwa la sisi Wakisii, kubwa kiasi kwamba mpigaji huketi na kuiegemeza mbele yake kama mtu anayemshika ndama. Tumbo lake ni gogo lililochongwa likawambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi zake zikiguswa hutoa mngurumo ambao unaanza kuusikia kwenye mbavu kabla haujafika masikioni. Kinanda cha yule kijana kilikuwa na sauti, lakini hakikuwa na huo mngurumo. Kilikuwa kama picha ya chakula.

Nililelewa kwenye mlima upande wa Nyamira, boma likizungukwa na majani chai. Asubuhi kabla ya shule tulichuma chai ikiwa bado na umande, sketi zetu zikilowa hadi magotini, vidole vikinuka ule ukijani usiotoka hata kwa sabuni. Babu na nyanya walikuwa na nyumba yao chini kidogo ya yetu, na jiko lao la udongo lilikuwa ndilo kwetu hasa. Humo ndimo nilimokula ugali wa wimbi kwa chinsaga, ile mboga chungu ambayo nyanya aliichemsha kutwa nzima na kuimwagia maziwa hadi uchungu wake ukawa utamu. Humo ndimo obokano ilimokaa, juu ya dari, ikikaushwa na moshi.

Ilikaa jikoni kwa sababu haikuruhusiwa kwingine. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mzee wa kanisa. Jumamosi zetu zilikuwa za Sabato, viatu vimepigwa rangi tangu Ijumaa, na kwake obokano ilikuwa kitu cha pombe, cha mizimu na cha watu waliokataa kuokoka. Hakumgombeza babu, usingemgombeza mzazi wako. Ila jioni babu akianza kupiga, Tata alifunga dirisha la upande ule, hata kukiwa na joto, na mama akanyamaza, na sisi tukala tukitazama sahani.

Mimi nilikuwa nikimaliza kula, naomba ruhusa ya kwenda kumsaidia nyanya kuosha vyombo. Babu alikuwa akipiga amefumba macho, naye nyanya akimwitikia kutoka motoni, kwa sauti nzito kama ya mwanamume. Mimi nina sauti hiyo hiyo. Obokano haikuwa kitu cha wasichana, lakini babu alinishika vidole akaviweka kwenye nyuzi. Nikikosea, hakusema neno, alicheka puani, na nyanya akageuka kutoka motoni akasema, "Rudia hapo, mama, umeruka." Nilirudia. Nyanya alikuwa akipenda kuniambia, "Usiimbe kama mtu anayebisha hodi. Uko kwenu."

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wa kwaya alitupanga mistari mbele ya darasa, akapita akitegea sikio kila mdomo. Alipofika kwangu alisimama.

"Ni wewe unayenguruma?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Basi wewe fungua mdomo tu. Usitoe sauti."

Nilifungua mdomo bila kutoa sauti hadi nikamaliza shule ya msingi. Kwenye picha ya kwaya niko mstari wa pili, mdomo wazi kuliko wote. Baadaye nilijifunza kuibana sauti iwe nyembamba, nikakubaliwa kanisani, nikasifiwa hata. Babu alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Tata alikataza obokano isipigwe mazishini, nyanya akairudisha darini bila kubishana, nami nikasimama na kwaya ya kanisa nikamwimbia babu yangu kwa sauti ambayo asingeijua.

Nikawa mwalimu wa Kiswahili, upande wa Ogembo. Nilikuwa mwalimu mzuri kwa namna ambayo wakaguzi hupenda: maandalio tayari, ubao safi, wanafunzi kimya. Lakini nilifundisha kwa ile sauti ya kubana. Nyumbani nilifika nimechoka mahali ambapo usingizi haufiki. Nilidhani ndio utu uzima.

Halafu ikaja mvua moja ya alasiri. Unajua mvua ya kwetu inavyopiga mabati. Mwalimu anaona midomo ya wanafunzi ikicheza asisikie kitu. Niliweka chaki chini. Tukakaa tukitazamana. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kunisikia, nilianza kuimba wimbo wa babu, kwanza kidogo, kisha kwa kifua chote, nikiwa nimegeukia dirisha. Sijui niliimba muda gani. Mvua ya kwetu pia hukatika ghafla, na ilipokatika mimi sikugundua. Sauti yangu ilibaki peke yake darasani, nzito, bila nguo.

Niligeuka. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliniuliza kwa upole sana, kama anayemwamsha mtu:

"Mwalimu, kumbe hiyo ndiyo sauti yako?"

Jumapili iliyofuata nilipanda kwa nyanya.

Alikuwa amezeeka, lakini nilipomwambia nimefuata nini, alipanda kigoda mwenyewe akakataa nimshike, akaiteremsha obokano. Ngozi ilikuwa imepasuka kidogo ukingoni, nyuzi mbili zimekatika. Tulizifunga mpya, za nailoni, kwa kuwa fundi wa kutengeneza nyuzi za mishipa ya ng'ombe hakuwepo tena. Kila Jumapili niliporudi, alinifundisha maneno. Maana nilikuwa na vidole vya babu, lakini maneno yalikuwa ya nyanya. Wimbo mkubwa kuliko zote ulimhusu mwanamke aliyekuta mto umefurika akiwa anarudi kwao, ndugu zake wakimwita kutoka ng'ambo. Ulikuwa mrefu, na nyanya hakukubali niunukuu. "Ukiuandika utaulaza," alisema. Akanipa kipande, akanituma niende nikakae nacho wiki nzima.

Nilianzisha chama cha muziki shuleni. Siwezi kukueleza furaha ya miezi ile bila kuonekana naongeza chumvi. Wanafunzi walibaki baada ya masomo, wavulana na wasichana, wakigombania kuishika obokano. Nilianza kufundisha hata ngeli za nomino kwa sauti yangu halisi, na ajabu, wakazielewa. Nilicheka darasani. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na mshahara, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuingia darasani nikahisi nimeingia mimi.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Tata alinisubiri langoni, mkongojo mkononi, koti la Sabato limefungwa vifungo vyote.

"Nasikia unawafundisha watoto wa watu kile kitu."

"Ni muziki, Tata."

"Najua ni nini." Akatazama chini kwenye jiko la nyanya. "Unadhani mimi sikukipenda? Kabla ya kubatizwa nilikipiga kumshinda babu yako. Muulize huyo mama. Nilikiacha kwa machozi. Wewe sasa unakiokota, kana kwamba mimi nilitupa takataka."

Sikuwa nimewahi kujua. Nilimtazama yule mzee aliyefunga dirisha maisha yangu yote, nikaelewa kwamba hakulifunga kwa sababu alichukia alichokisikia. Nilitaka kumshika mkono. Aliniondokea akapanda kwake.

Yaliyofuata yalikuja kwa mfululizo. Wazazi kadhaa walimwendea mwalimu mkuu, wakasema watoto wanafundishwa mambo ya mizimu. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha chai ofisini, akaniambia, "Mwalimu, mimi mwenyewe naipenda. Lakini mtihani uko karibu, na sitaki maneno. Tutumie huo wakati kwa marudio." Chama kikafa hivyo, kati ya kikombe cha chai na andazi. Wanafunzi walibaki jioni moja zaidi, wakingoja nje ya mlango uliofungwa. Kisha wakaacha kungoja.

Nilijiambia bado nina nyanya. Jumapili hiyo nilimkuta ameketi mlangoni, upande mmoja wa uso umelegea. Mwanamke jirani alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Kiharusi kilikuwa kimempata asubuhi akiwa anawasha moto. Alinitambua, jicho lake lilijaa machozi. Alifungua mdomo, ikatoka sauti tupu, ileile nzito, bila neno hata moja ndani yake. Nilimwimbia ule wimbo wa mto. Nilipofika mahali tulipokuwa tumeachia, yule mwanamke amekanyaga maji na ndugu zake wanapiga kelele, nilinyamaza nikamsubiri. Alihangaika. Alipiga goti lake kwa mkono mzima, akapiga tena, akijaribu kunivusha. Halafu akageuza uso akatazama ukuta.

Tulimzika kabla ya mavuno ya mahindi.

Amebaki Tata, nikawaza. Nilimpa muda. Nilienda likizo baada ya likizo, nikimpelekea sukari na mkate, tukizungumza kuhusu bei ya majani na magonjwa ya ndizi. Hatimaye aliugua, akawa mtu wa kitandani, nami nikaomba ruhusa kazini nikaja kumuuguza. Jioni moja nilimuuliza, nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda kama ninayeomba dua.

"Tata, ule wimbo wa mto. Baada ya kukanyaga maji, unaendeleaje?"

Alifumba macho.

"Nimesahau," akasema.

"Hata kidogo?"

"Mwanangu, nimesahau. Nisomee Zaburi."

Nilimsomea. Nikasoma nikimtazama, na wakati nasoma niliona mkono wake wa kulia juu ya blanketi. Vidole vilikuwa vikicheza. Si kutetemeka kwa mgonjwa. Vilikwenda kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine, vikirudi, vikiruka, vikienda mbele kupita pale ninapopajua mimi. Alikuwa akiupiga wote. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Niliacha kusoma ili nivitazame vizuri, naye akafumbua macho, akaona ninakotazama, akauingiza mkono chini ya blanketi.

Sikuweza kumkasirikia. Bado siwezi. Alikuwa amemwahidi Mungu, naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Alikufa na wimbo wake, na kanisa lilimsifu kwa uaminifu, na kila neno la sifa lilikuwa la kweli.

Jiko la nyanya lilibomolewa na kaka yangu. Mahali pake ni nyumba ya mawe yenye jiko la gesi. Wachumaji wa chai siku hizi huchuma wakiwa na simu mfukoni, kila mmoja na muziki wake sikioni, wala siwalaumu, ni kazi ndefu. Chinsaga huuzwa sokoni Nyamira ikiwa imekatwakatwa, na uchungu wake haujatolewa ipasavyo. Yule msichana wa dawati la mbele alihamia Nairobi. Mimi bado nafundisha. Obokano iko sebuleni kwangu, na wageni huniambia inapendeza sana pale, karibu na televisheni.

Kuna walimu wenzangu huniambia nina bahati, kwamba wengi hufa bila kujua wao ni nani. Ni kweli, nimejijua. Nimejijua wakati watu walionijua kabla yangu wamekwisha. Jumapili alasiri nafunga mlango, naketi, napiga. Mahali nisipopajua najaribu kupaunda mwenyewe, leo hivi, wiki ijayo vingine, na huenda nimeshauharibu wimbo mzima. Najisikiliza nikipiga, halafu nasimamisha mkono na kusubiri. Nikikosea, hakuna tena mtu duniani wa kuniambia nimekosea.